Maisha ya Dokta Aggrey, Mwalimu wa Afrika

Tangu nilipoondoka katika shule yetu hii nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini, hapa hapa Uganda, na darasa langu ni la nne. Sikudhani kama siku moja ningekuwa na jambo la kuandika katika gazeti hili, kwa maana maisha ya mwalimu wa kijijini hayana makuu. Lakini mwaka jana nilihitilafiana na mzazi mmoja, na jambo lile likanipeleka kusoma maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Nimeona si vema nikae nayo peke yangu.

Mambo yalianza hivi. Watoto wangu walikuwa wakishindwa kuzidisha kwa nne na kwa nane. Nikakumbuka mweso, bao la kwetu, ambalo lina safu nne za mashimo manane manane. Jumla yake ni mashimo 32, na kete zake ni 64. Kila mchezaji ana safu mbili, yaani mashimo 16, na kete 32. Basi nikachora bao chini ya mwembe, tukaokota mbegu, nikawauliza watoto: tukitia kete mbili mbili katika kila shimo, zitatosha? Tukitia nne nne, mashimo mangapi yatabaki matupu? Mchezaji akichukua kete kumi na kuzipanda moja moja kuanzia shimo la tatu, ya mwisho itaangukia wapi? Kwa muda wa juma moja hata watoto waliokuwa wakijificha nyuma walianza kunyosha mikono.

Nikafurahi, nikaendelea. Nikamwalika mzee mmoja mfua nguo za magome aje afundishe somo la mimea. Mzee yule akatuonyesha mti wa mutuba, jinsi ya kukwangua ngozi ya juu, kukata mduara juu na chini, kisha kulibandua gome kwa kabari ya mgomba ili lisijeruhi mti wenyewe. Akaufunga mti kwa majani ya mgomba kama mtu afungavyo kidonda. Watoto walishangaa, maana nilikuwa nimewafundisha kwamba mti ukibanduliwa gome kuuzunguka hufa. Mzee akawaeleza kwamba mutuba ukitunzwa vizuri hutoa gome jipya, na mti mmoja huvunwa miaka mingi. Siku ile mimi mwenyewe nilijifunza jambo.

Baada ya siku chache mzazi mmoja akaja shuleni, amekasirika. Alikuwa mtu wa heshima, mkulima wa kahawa, naye hakutukana. Alisema kwamba hauzi kahawa yake ili mtoto akacheze mweso. Mweso uko nyumbani, na magome yako nyumbani. Yeye amemleta mtoto shuleni apate kile ambacho nyumbani hakipo, yaani Kiingereza na hesabu za kitabuni, ili mtihani wa darasa la saba usimtupe nje. Akaniuliza kama watoto wa matajiri wa mjini nao wanafundishwa kufua magome.

Nilikosa jibu. Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu wangu wa zamani, ambaye sasa ni mzee sana, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba swali la mkulima yule lilikuwa limemkabili mtu mkubwa kuliko mimi, na kwamba nisome habari za Dokta Aggrey kabla sijakata tamaa. Basi nilisoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi ya Ghana, ambayo zamani hizo iliitwa Gold Coast. Kabila lake ni Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala. Katika nchi ile mfalme hasemi na watu moja kwa moja, bali maneno yake hupita kinywani mwa msemaji, na maneno ya watu humfikia mfalme kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo msemaji ni lazima ajue sheria za nchi, nasaba za koo, mipaka ya ardhi, hukumu zilizopita na methali zake, na ayajue yote kwa moyo. Hakuna daftari. Tukimwita mtu wa namna hiyo mjinga kwa sababu hakusoma kitabu, ujinga ni wetu.

Nyumbani kwake mtoto Kwegyir alisikia elimu hiyo. Kisha akapelekwa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Cape Coast, akakutana na elimu ya pili, ile ya vitabu. Alikuwa hodari mno. Alipokuwa bado kijana mdogo, wa umri ambao wengi wenu mko kidato cha kwanza au cha pili, alikwisha pelekwa kijijini kuwafundisha wengine. Baadaye alirudi Cape Coast akafundisha huko mpaka akawa mwalimu mkuu.

Siku hizo kulitokea jambo ambalo nadhani lilimfunza mengi. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilileta muswada wa sheria ya ardhi. Kwa muswada huo serikali ingejipa mamlaka juu ya ardhi iliyoonekana kuwa haina mwenyewe. Wazee na wasomi wa pwani wakaungana wakaunda chama cha kutetea haki za wenyeji. Hoja yao ilikuwa kwamba katika nchi yao hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Msitu ambao mgeni anauona mtupu una ukoo wake na mipaka yake, na wazee wanaijua. Mwaka 1898 wajumbe wao walifika London, na muswada ule ukaachwa. Kijana Aggrey alikuwa miongoni mwa waliokitumikia chama hicho. Tafakarini jambo hilo. Elimu ya wazee peke yake isingefika London, kwa kuwa London haikuijua lugha yao. Na elimu ya vitabu peke yake isingekuwa na la kusema, kwa kuwa mipaka ya koo haikuandikwa katika kitabu chochote. Zilipokwenda pamoja, nchi ilipona.

Mwaka huo huo wa 1898 Aggrey alisafiri kwenda Marekani. Aliingia chuo cha Livingstone, katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina, chuo cha kanisa la watu weusi. Alimaliza mwaka 1902 akiwa juu ya wenzake. Alipenda sana lugha za kale za Kigiriki na Kilatini. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia. Alibaki chuoni hapo akifundisha kwa miaka ishirini hivi. Mwaka 1903 alipewa daraja la uchungaji, na mwaka 1905 akamwoa Rose Douglass, mwanamke wa Virginia, wakajaliwa watoto wanne.

Mtu aliyebobea katika Kigiriki angeweza kukaa chuoni na vitabu vyake mpaka uzee. Aggrey hakufanya hivyo. Mwaka 1914 alichukua uchungaji wa makanisa mawili madogo ya shamba, ambako waumini wake walikuwa wakulima weusi, maskini, wenye kulemewa na madeni. Aliwahubiria Jumapili, lakini pia alizungumza nao juu ya udongo, mbegu, akiba na kusaidiana. Aliona kwamba wakulima wale walijua mengi ambayo profesa hakuyajua, na profesa alijua machache ambayo yangewafaa. Kazi ilikuwa kuyakutanisha. Wakati wa likizo alikuwa akienda kusoma zaidi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Sasa nafika mahali ambapo maisha yake yanagusa nchi zetu. Huko New York kulikuwa na mfuko wa fedha ulioitwa Phelps-Stokes, ulioanzishwa mwaka 1911 kwa wasia wa mwanamke tajiri aliyetaka kuwasaidia watu weusi katika elimu. Mwaka 1920 mfuko huo ulituma tume kuchungua hali ya shule katika Afrika. Mkuu wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na Mwafrika pekee ndani yake alikuwa Aggrey. Walipita Sierra Leone, Liberia, Gold Coast, Nigeria, Kongo, Angola, Afrika Kusini na kwingineko. Ndivyo Aggrey alivyorudi kwao baada ya miaka ishirini na miwili. Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja Afrika ya Mashariki na ya Kusini, ikafika Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na nchi nyingine za jirani. Aggrey alikuwamo tena, na tena alikuwa Mwafrika pekee.

Msidhani kwamba safari hizo zilikuwa za raha. Katika nchi zilizokuwa na ubaguzi, mtu huyu mwenye shahada zake hakuweza kulala au kula kila mahali pamoja na wenzake wazungu. Watu walimsifu kwa kustahimili. Wengine walimlaumu kwa kustahimili mno. Mfano wake uliojulikana kuliko yote ni ule wa funguo za kinanda: kwamba waweza kupiga wimbo kwa funguo nyeupe tu au kwa nyeusi tu, lakini wimbo mkamilifu unataka zote mbili. Alikuwa pia na hadithi ya tai aliyelelewa na kuku mpaka akasahau kuruka, mpaka siku alipoelekezwa macho kwenye jua. Hadithi hiyo hata leo husimuliwa na walimu wengi wasiojua ilitoka kwa nani.

Je, tume iliona nini mashuleni? Iliona watoto wa Kiafrika wakikariri mambo ya nchi za mbali huku hawajafundishwa lolote juu ya maji wanayokunywa, udongo wanaoulima, na magonjwa yanayowaua. Iliona kwamba mara nyingi shule ilikuwa kama kisiwa: mtoto huvuka kwenda asubuhi, akarudi jioni, na hakuna kitu kilichovuka pamoja naye, wala kwenda wala kurudi. Ripoti zake zilitoka mwaka 1922 na mwaka 1925. Zilishauri kwamba masomo yatokane na maisha ya watu: afya, matumizi mema ya mazingira, maisha ya nyumbani, na michezo ya kuburudisha mwili na roho. Zilishauri pia watoto wadogo waanze kusoma kwa lugha yao. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa siasa ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, na ndani yake mliandikwa kwamba elimu ifuate hali na mila za watu.

Mwaka huo huo, huko Kabete karibu na Nairobi, ilifunguliwa shule ya walimu iliyoitwa Jeanes. Jina hilo ni la Anna Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mwalimu wa Jeanes hakukaa katika darasa moja. Alizunguka shule nyingi za vijiji akiwasaidia walimu wenzake, akionyesha ujenzi wa vyoo, bustani, usafi na ufundi wa mikono. Huko Kabete walimu walifundishwa pamoja na wake zao, kwa kuwa ilionekana kwamba kijiji hakibadiliki ikiwa nyumba ya mwalimu mwenyewe haikubadilika.

Hapo nilipofika katika kusoma nilishangilia moyoni. Nilijiona nimepata jibu la kumpa mkulima wa kahawa. Lakini kumbe sikuwa nimemaliza.

Wasomaji, mashauri yale yaliyoonekana mema yalipingwa, na waliopinga hawakuwa wajinga. Huko Marekani msomi mkubwa mweusi, Dokta W. E. B. Du Bois, alimshutumu Jones kwa ukali. Alihofu kwamba elimu ya kumfaa Mwafrika maana yake ni elimu ndogo, ya kumfanya kibarua mzuri asiyeuliza maswali. Hapa Afrika ya Mashariki nako, wazazi wengi walitaka Kiingereza na vitabu vile vile walivyosoma watoto wa wazungu. Na hofu yao ilikuwa na sababu. Wako walowezi waliofurahi sana kusikia kwamba Mwafrika afundishwe jembe na ufundi, kwa maana walitaka mikono yake, hawakutaka akili yake. Neno lile lile, elimu itokane na maisha ya watu, katika kinywa cha mmoja lilikuwa heshima, na katika kinywa cha mwingine lilikuwa kufuli.

Basi mkulima wangu wa kahawa hakuwa peke yake. Bila kujua, aliniuliza swali la Du Bois.

Je, Aggrey alisimama upande gani? Jibu nililipata katika maisha yake kuliko katika ripoti. Yeye mwenyewe alisoma Kigiriki na Kilatini, na hakuna aliyemsikia akisema kwamba masomo hayo hayamfai Mwafrika. Alichotaka ni kwamba Mwafrika apate yote ambayo dunia inayo, lakini asilazimishwe kuutupa urithi wake mlangoni ndipo aruhusiwe kuingia. Alitaka Mwafrika aliyesoma aendelee kuwa Mwafrika. Lakini ni kweli pia kwamba alizungumza kwa upole na wakubwa wa serikali, akatumaini nia yao njema, na pengine aliwatumaini zaidi ya walivyostahili. Vijana wengi waliomfuata walikuwa na subira ndogo kuliko yake. Nadhani hatuna haja ya kuificha dosari hiyo ili tumheshimu.

Baada ya safari ya 1924 alirudi kwao kuifanya kazi kwa vitendo. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, alikuwa anajenga shule kubwa huko Achimota, karibu na Accra. Mwalimu mkuu alikuwa Kasisi A. G. Fraser, na Aggrey aliwekwa kuwa msaidizi wa makamu wake. Shule ilikusudiwa kumchukua mtoto tangu madarasa ya chini kabisa mpaka kufikia masomo ya juu. Wanafunzi wasome sayansi na Kiingereza, lakini wasome pia lugha zao, historia yao na ufundi wao. Kuhusu wasichana, Aggrey hakukubali kabisa waachwe nje. Alikuwa akifundisha kila mahali kwamba ukimsomesha mwanamke umeisomesha nyumba nzima, na Achimota ikapokea wavulana na wasichana pamoja. Nembo ya shule hiyo ni funguo za kinanda, nyeupe na nyeusi.

Wenyeji wengi waliishuku Achimota mwanzoni, kama vile mkulima wangu alivyonishuku. Waliuliza kama ni njia nyingine ya kuwanyima elimu ya kweli. Aggrey alizunguka mijini akizungumza nao kwa Kifante, kwa methali, kama baba yake msemaji. Hapo ndipo niliona kwamba alikuwa bado anaifanya kazi ya baba yake, akichukua maneno ya upande huu na kuyafikisha upande ule. Watu wakaanza kuleta watoto wao.

Achimota ilifunguliwa rasmi mwezi wa Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alichukua likizo akaenda Marekani kumaliza maandishi yake ya shahada ya udaktari katika Columbia. Hakuyamaliza. Aliugua ghafula huko New York, akafariki tarehe 30 Julai 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury, mji alikofundisha kwa miaka mingi, ambako mke wake na watoto walikuwa. Jina la Dokta tunalomwitia ni la heshima tu, maana ile shahada aliyoitafuta kwa likizo nyingi alikufa kabla ya kuipata.

Mbegu zake ziliota mahali pengi. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Nigeria, alimsikia Lagos akiwa kijana, akaazimia kwenda Marekani kusoma. Kwame Nkrumah, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Ghana, alimwona alipokuwa anasomea ualimu huko Accra, naye akafuata njia hiyo hiyo. Hapa kwetu Uganda, Ernest Balintuma Kalibala, aliyesoma Marekani, aliporudi alianzisha shule akaipa jina la Aggrey kwa ukumbusho. Na mwaka 1933 mwalimu Ephraim Amu alipofukuzwa katika chuo kimoja cha walimu cha Gold Coast, miongoni mwa makosa yake yakiwa kuvaa nguo za kwao kanisani na kuimbisha nyimbo za kwao, ni Achimota iliyompokea afundishe muziki.

Lakini kuna jaribio moja lililofanyika nchi jirani ambalo linatufaa sisi walimu kulijua, kwa kuwa linaonyesha hatari. Mwaka 1928 Mwingereza aitwaye W. B. Mumford alifungua shule huko Malangali, nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Wanafunzi walivaa mavazi ya kienyeji, wakacheza ngoma, wakatupa mikuki, na wazee waliletwa kuwafundisha mila. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo wako Waafrika walioshuku shule hiyo, na jaribio lile halikudumu. Mimi naona sababu yake. Aliyeamua ni mila ipi ifundishwe alikuwa mgeni, na mila ikichaguliwa na mgeni hukauka kama ua lililobanwa kitabuni. Elimu ya wazee haikuwa mavazi. Ilikuwa namna ya kufikiri: kujua kwa nini mti huu haufi, kwa nini mbegu hii hupandwa kabla ya ile, na kwa nini hukumu hii ilikuwa ya haki. Mtoto akivikwa magome bila kuelezwa siri ya mutuba, hakufundishwa kitu.

Baada ya kusoma hayo nilikwenda kumwona mkulima nyumbani kwake. Alinikaribisha kwa adabu, mkewe akaleta ndizi na karanga. Sikumwambia kwamba amekosea, kwa maana nilikwisha ona kwamba hakukosea. Nilimkubalia kwamba mtoto wake anastahili kila kitu kinachofundishwa mjini, na kwamba kama mweso ungechukua nafasi ya hesabu za kitabuni, yeye angekuwa na haki ya kuniondoa. Kisha nikamwonyesha madaftari mawili ya mtoto wake, la kabla ya mweso na la baada yake. Akayatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama hesabu zile ndizo zile zile za mtihani. Nikamwambia ndizo.

Nikamweleza pia shida ya darasa la nne. Tangu mwaka 2007 mtaala wetu unataka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wasome kwa lugha yao pale inapowezekana, na darasa la nne ndipo wanapoanza kuvuka kwenda Kiingereza. Mtoto anayevuka mto anahitaji jiwe analolijua alikanyage kwanza. Mweso na mutuba ni mawe ya kuvukia. Tukifika ng'ambo, ng'ambo ni ya mtoto vile vile.

Mkulima hakuniambia kwamba ameridhika. Aliniambia kwamba atayatazama matokeo ya mwisho wa mwaka. Lakini nilipokuwa naaga, alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha mibuni yake, akanieleza jinsi marehemu babu yake alivyokuwa akipanda mutuba kati ya mibuni na migomba ili upate kivuli, na jinsi alivyojua kwa rangi ya majani kama udongo umechoka. Alizungumza muda wa saa nzima. Nikamwomba aje awaeleze watoto. Akacheka, akasema kwamba yeye hakusoma. Mpaka leo hajaja. Mimi bado namngoja, na somo lake nimeliachia nafasi katika ratiba.

Wapenzi wanafunzi, wengi wenu mtakuwa walimu, waganga, wanasheria, hata wakubwa wa nchi. Msidharau Kiingereza wala sayansi, maana Aggrey hakuvidharau. Lakini mtakapokwenda likizo, ketini na bibi zenu na babu zenu, na kalamu mkononi. Ulizeni majina ya miti na kazi zake, dalili za mvua, njia za kuhifadhi mbegu, hukumu za ukoo. Andikeni kwa lugha yenu wenyewe. Nguo yetu ya magome iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu wote mwaka 2008, baada ya kutangazwa mwaka 2005, lakini mafundi wenye kujua siri ya mti ni wazee, na mzee akifa hatuwezi kumtumia barua ya kumuuliza.

Nanyi wenzangu wa zamani mlio na vyeo katika elimu, nawaomba jambo moja dogo. Mnapotunga vitabu na mitihani ya shule za msingi, wekeni ndani yake swali moja au mawili ambayo mtoto wa mkulima anaweza kuyajibu kwa sababu tu ni mtoto wa mkulima. Siku ile mzazi wangu wa kahawa atakapoona kwamba elimu ya nyumbani kwake inahesabiwa alama, hatahitaji tena mimi wala Dokta Aggrey kumweleza.